Bibi wa Uru

9 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeshakunywa chai, maana ukizisoma habari hizi na tumbo tupu utapasuka. Mama hajambo? Goti lake je? Mimi mzima, kazini wazima, na pasi haijaniunguza wiki hii. Ila nina hasira, na hasira yenyewe imetoka kwako, kwa hiyo nakurudishia.

Unajua kwamba hapa hotelini, kwenye chumba cha kufulia, tunacheza poka saa ya mapumziko juu ya meza ya kukunjia mashuka. Dau ni sarafu tu, na anayeshinda anakunywa soda wengine wakimtazama. Tuko watatu: mimi, mpishi wa wafanyakazi, na msimamizi wetu tunayemwita Bwana Kola kwa jinsi anavyotaka kila kola isimame kama ubao.

Juzi nilipewa mfalme wa shupaza na nne ya kopa. Zikafunguliwa karata tatu mezani: mfalme, tisa, sita. Moyo ukaruka! Nina jozi ya wafalme, na mezani hakuna karata inayomzidi mfalme. Ubaya ni kwamba mimi ndiye niliyekaa pa kusema kwanza. Nikaweka dau. Mpishi akatupa karata zake, Bwana Kola akaweka kiasi kilekile, akafuata bila neno. Ikafunguliwa karata ya nne, nikaweka dau kubwa zaidi, akafuata bila neno. Ya tano, nikasukuma kila nilichokuwa nacho. Akafuata, akalaza mfalme na ree, kisha akajifuta jasho kwa leso niliyoinyoosha mimi mwenyewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha mchezo huu. Uliniambia nikipata jozi ya juu nisiogope, nami sikuogopa, na sasa nakunywa maji ya bomba wenzangu wakibeua soda usoni pangu. Niambie nilikosea wapi, na usinizungushe.

Nisalimie Fundi Viatu na Kinyozi, wenzako wa karata.

Binti yako

21 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Goti linamsumbua akienda sokoni, akienda kusengenya halimsumbui. Mimi ni mzima kama chuma. Basi la shule linakwenda, watoto wanapiga kelele, na yule mama msindikizaji, anayewapandisha na kuwashusha, anapiga kelele kuliko watoto. Siku hizi kila kona ananikemea, "Dereva, polepole! Dereva, angalia!" kana kwamba ni yeye aliyeshika usukani miaka yote hii.

Sasa nikujibu. Sikukuambia usiogope. Nilikuambia usikimbie, na ungekuwa unasikiliza badala ya kuchekacheka siku zile, leo ungekuwa unakunywa soda.

Mfalme na nne! Huyo mfalme ameoa nini hapo? Ana mwenzi wa kumwaibisha tu. Jozi ya juu ni nzuri, sikatai. Lakini mtu mwingine akiwa na mfalme kama wewe, na pembeni ana ree au bibi, umekwisha. Jiulize, nani atakufuata mara tatu mfululizo na hana kitu? Wale uliowazidi walishatupa karata zamani. Waliobaki mezani wanakusubiri. Halafu wewe unasema kwanza! Anayesema kwanza ni kama mtu aliyevua shati mbele ya watu waliovaa makoti. Wao wanakuona mbavu, wewe huwaoni chochote.

Siku nyingine ukikaa hapo na jozi yenye mwenzi dhaifu, gonga meza, pita bila kuweka dau. Wakiweka dau dogo, fuata mara moja uone mambo. Wakipandisha, hasa akipandisha mtu mkimya, tupa. Tupa bila kununa. Mara mojamoja watakuwa wanakudanganya, sawa, waache wale hizo sarafu, zitawakwama kooni. Lakini usijenge nyumba juu ya nne ya kopa.

Na uandike kwa kalamu yenye wino. Barua yako ilikuwa hafifu, nimelazimika kuisomea nje juani, majirani wakadhani nimepokea barua ya mahakama.

Fundi Viatu anakusalimu. Kinyozi naye, ingawa anasema nywele zako umeziharibu.

Baba yako

17 Machi

Baba,

Shikamoo. Wazima huko? Huku wazima, joto la pasi tu, na safari hii sina hasira na wewe hata kidogo. Furahi, maana haitadumu.

Nimefanya ulivyosema. Nilikuwa na bibi na tatu, bibi akafunguka mezani, mimi ndiye wa kusema kwanza. Nikagonga meza, nikapita. Bwana Kola akaweka dau dogo, nikafuata. Karata ya nne nikapita tena, akaweka dau la kutisha. Nikamtazama, nikamkumbuka mtu mkimya wa kwako, nikatupa. Alikasirika! Akafunua karata zake bila kuulizwa: bibi na ree. Mpishi alicheka hadi akalazimika kukaa juu ya kapu la taulo.

Sasa nikuulize wewe. Mbona herufi zako zimekuwa kubwa kama za bango la duka? Ukurasa mzima una sentensi sita, na mistari inapandana. Bahasha umeandika namba ya sanduku la posta nusu kwenye stempu. Na kalamu yangu, Baba, ni ileile nyeusi niliyokuandikia siku zote. Nimeijaribu hapa mezani, inaandika vizuri.

Umepima macho lini?

Binti yako

2 Aprili

Binti yangu,

Mama yako mzima. Mimi mwili ni mzima, ila nina hasira hadi mkono unatetemeka, kwa hiyo usianze tena habari za mwandiko.

Fundi Viatu ni mwizi. Ndiyo, huyohuyo. Mtu aliyekushonea viatu vyako vya kwanza vya shule, ni mwizi wa karata.

Sikiliza. Jumamosi alasiri tulikuwa kibandani kwake kama kawaida, mimi, yeye na Kinyozi. Nilipewa mfalme wa kopa na bibi wa uru. Niliwaona kwa macho yangu. Mfalme na bibi, si mfalme na nne kama wewe. Zikafunguliwa tatu: mfalme wa shupaza, nane, tatu. Mimi ndiye wa kusema kwanza, na kwa kuwa mwenzi wangu alikuwa bibi, si takataka, nikaweka dau. Kinyozi akatupa. Fundi Viatu akafuata. Karata ya nne nikaweka tena, akapandisha. Mtu huyu hapandishi, mkimya kama soli, nami nikafuata kwa sababu nilijua nina nini mkononi. Ya mwisho nikasukuma zote, akafuata.

Nikalaza karata zangu, nikasema, "Wafalme, na bibi pembeni." Kinyozi akakohoa. Fundi Viatu akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na mgonjwa, "Ndugu yangu, huyo ni jeki."

Nikaichukua ile karata, nikaisogeza hadi puani. Jeki wa uru! Kisha yeye akalaza za kwake: mfalme wa pau na bibi wa uru. Bibi wangu! Aliyekuwa mkononi mwangu muda si mrefu! Sasa niambie wewe msomi wa poka, umeona wapi karata zenye mabibi wa uru wawili? Alimchukua. Vipi, sijui, lakini vidole vinavyopitisha uzi kwenye ngozi vinashindwa nini?

Nikapindua meza. Misumari, gundi, chai, viatu vya watu, vyote chini. Nikatoka nje nikamwita mwizi mbele ya barabara nzima. Yeye alipiga magoti akaanza kuokota misumari mmojammoja. Na si mara ya kwanza, nimegundua sasa. Tangu mwezi wa pili karata zangu zinabadilika nikizilaza.

Kazini nako ni kichefuchefu. Jumatano yule mama msindikizaji alipiga ukelele, "Dereva, mtoto!" Nikakanyaga breki watoto wote wakarushwa vitini. Nikamuuliza, mtoto yuko wapi? Akasema ameshavuka. Mimi sikuona mtoto yeyote. Nimemshitaki kwa mkuu wa shule kwa kunitia kiwewe barabarani.

Dunia imeharibika.

Baba yako

10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini Mama yupo karibu, maana nataka na yeye ayasikie haya.

Fundi Viatu hakuiba. Hakuna mtu anayeiba bibi wa uru ili ashinde sarafu za kununulia chai, tena chai ambayo ni yeye anayeipika. Bibi wa uru alikuwa mkononi mwake tangu karata zilipogawanywa. Wewe ulikuwa na jeki tangu mwanzo. Mfalme na jeki. Ulikuwa na mwenzi dhaifu kuliko ulivyodhani, ukasema kwanza, ukasukuma, ukagongana na mtu aliyekuzidi kidogo tu. Ni kosa langu lilelile, tofauti ni kwamba mimi niliiona nne yangu.

Yangekuwa ya kuchekesha hayo, tungecheka. Ungemwomba radhi Fundi Viatu, mngeendelea. Lakini yule mtoto wa Jumatano simcheki. "Mimi sikuona mtoto yeyote." Uliiandika sentensi hiyo kwa mkono wako, ukaweka nukta, ukaendelea kulalamika! Baba, mtoto alikuwepo. Yule mama alimwona, ndiyo maana alipiga ukelele. Na wewe umekwenda kumshitaki mtu aliyekuokoa.

Unasomea barua nje juani. Mistari yako inapandana. Jeki anageuka bibi. Ni macho, Baba! Hapa kazini kuna mama mmoja wa kitengo cha pasi, alikuwa anachoma mashuka kila siku tukidhani ni uzembe. Kumbe mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji, akarudi, sasa anaona doa kabla mimi sijaliona.

Ninakuomba ushuke kwenye basi hilo na uende hospitali ya macho. Usisubiri mwisho wa muhula. Kama mwezi huu utaisha bado umeshika usukani, nitamwandikia mkuu wa shule mimi mwenyewe.

Nina hasira na wewe kuliko nilivyowahi kuwa.

Binti yako

19 Aprili

Wewe,

Sikusalimu. Salamu ni za watu wenye adabu.

Barua yako amenisomea mama yako. Si kwamba siwezi kusoma. Kulikuwa na mawingu, na mwandiko wako ni wa sisimizi. Alipofika katikati akaikunja, nikamwambia soma, akasoma, na sasa nyumba nzima hatusemeshani. Ahsante sana.

Umenizaa wewe? Mimi nimeendesha magari tangu hujui kufunga vifungo vya shati lako. Sijagonga mtu, sijagonga mbuzi, hata kuku sijamgonga. Barabara ile naijua kwa makalio. Najua tuta liko wapi, shimo liko wapi, mwenye duka la mikate anamwaga maji machafu wapi. Nifunge kitambaa usoni, nitawafikisha watoto wale shuleni na hakuna atakayechelewa kengele.

Unataka nishuke. Nikishuka nitakuwa nani? Mtaa huu hakuna anayejua jina langu, wananiita Dereva. Mama yako ananiita Dereva. Nikishuka mtaniita nini, Abiria? Na hiyo hospitali yako, unajua wanafanya nini huko? Wanachokoa jicho kwa kisu, mtu akiwa macho, anaona kisu kinakuja! Wewe uliyelia kwa sindano ya mkononi hadi muuguzi akakimbia, unanipeleka mimi kwenye kisu cha jicho.

Halafu unanitishia. Basi nitakujibu kama mwalimu wako. Una nini mkononi? Una barua za baba mwenye mwandiko mkubwa na ukelele wa mwanamke mwoga. Hiyo ni jozi ya juu yenye nne pembeni, tena unasema kwanza, umekaa mbali huko kwenye mvuke wako wa pasi, huoni lolote linalotokea huku. Mimi nimepandisha. Sasa fanya nilichokufundisha. Tupa.

Ukimwandikia mkuu wa shule, usiandike tena kwenye nyumba hii.

Baba yako, upende usipende

3 Mei

Baba,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Nimefuata.

Barua ya mkuu wa shule niliipeleka posta jana wakati wa mapumziko, wenzangu wakicheza. Nimemwandikia yote: jeki, Jumatano, Mama kukusomea. Nimeweka jina langu kamili chini, asije akadhani ni jirani mwenye wivu. Nimemwambia kwamba yule mama msindikizaji asiadhibiwe. Akishaisoma utashushwa, na utashushwa mbele ya watu, na nitakuwa nimefanya mimi.

Unasema sina karata. Ni kweli. Sijui kwa hakika, ninadhani tu. Inawezekana daktari akasema macho yako ni mazima, nikawa nimekuaibisha bure, na ukawa na haki ya kunichukia hadi tunazikana. Hapa kwenye meza ya mashuka ningetupa, kwa sababu hapa napoteza soda. Huko kwako, kama wewe ndiye uliye sahihi, napoteza baba. Na kama ni mimi niliye sahihi na nikanyamaza, kuna mama fulani kila asubuhi anampaka mtoto wake mafuta, anamfunga kamba za viatu, anamwambia apande basi la Dereva. Mama huyo simjui. Sitaki kuja kumjua.

Unajua kinachonichoma zaidi? Una mke ndani ya nyumba. Una Kinyozi anayekishika kichwa chako mikononi, anayatazama macho hayo kwa karibu kuliko mtu yeyote. Una mkuu wa shule anayelipwa kuwatazama watoto. Wote hao wako karibu na wewe, wote wamekaa vizuri kuliko mimi, na wote wanagonga meza, wanapita. Wamenisubiri mimi niliye mbali nivue shati kwanza. Nina hasira nao, na nina hasira na wewe uliyenifanya niwe mtu wa kuyasema haya kwa barua, nikiwa siwezi hata kukushika mkono.

Nimeandika kwa wino mzito, kwa herufi kubwa. Isome mwenyewe.

Binti yako

28 Juni

Baba,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Hii ni barua ya tatu tangu ile, na kwenye sanduku la posta sikuti kitu ila matangazo ya vitanda.

Mama ameniandikia mistari miwili. Anasema ulishushwa, funguo ulizitupa juu ya meza ya mkuu wa shule zikavunja kikombe chake, na tangu siku hiyo unakaa uani huongei na mtu. Hospitali hujaenda.

Siombi radhi. Nilijaribu kuiandika hiyo radhi, kalamu ikakataa. Nimelia, lakini hilo ni jambo jingine.

Basi ninakuomba jambo dogo. Nenda hospitali kwa hasira. Usiende kwa ajili yangu, nenda ili uthibitishe kwamba mimi ni mwongo. Mwambie daktari akuandikie karatasi yenye mhuri kwamba macho yako ni mazima. Ukiipata, nitumie, na mimi nitakuja kwa magoti kutoka stendi hadi mlangoni kwako mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama, na utawaalika watu uwatakao. Uweke hata viti.

Hapa kazini siku hizi sichezi. Wakigawa karata nawatazama tu.

Nisalimie Mama. Mwambie nimemkasirikia na yeye, kidogo.

Binti yako

20 Septemba

Binti yangu,

Hujambo? Mama yako hajambo, mimi sijambo. Usidhani salamu hizi ni msamaha. Nakuandikia nikiwa na hasira, na utaona herufi zimerudi udogo wake, kwa hiyo isome hasira yenyewe vizuri.

Nilikwenda hospitali. Nilikwenda kwa ajili ya ile karatasi yenye mhuri, nikakae kwenye kiti nje ya nyumba yangu nikutazame ukija kwa magoti. Daktari ni msichana, mdogo kuliko wewe. Akanikalisha, akanielekeza ukutani, akaniuliza naona herufi gani. Nikamuuliza, herufi zipi?

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia wamelifanyia upasuaji. Haliumi. Kile kisu nilikiogopa bure, na wewe usimwambie mtu kwamba nilikiogopa. Walipotoa bandeji, kitu cha kwanza kukiona ni uso wa mama yako. Uso umezeeka. Sikuwa nimeambiwa. Nikamwambia, na sasa kaninunia upya.

Nilikwenda kwa Fundi Viatu. Nilisimama kibandani kwake nikasema yaliyopaswa kusemwa, yeye akiendelea kugonga soli. Nilipomaliza akasema, "Kuniita mwizi uliniitia barabarani. Radhi umeniletea ndani, na mlango umeufunga." Ni kweli nilikuwa nimeufunga. Jumamosi wanacheza bila mimi, amepata mtu mwingine wa kukaa kiti changu. Ana haki yake, lakini inauma, na sitakuficha.

Wiki iliyopita nikaenda yadi ya shule. Nilikuwa nimejiandaa. Dereva mpya nilisikia anaendesha kama anakimbizwa, nikasema nikalikague basi langu, na nikikuta hata mkwaruzo mmoja nimwendee mkuu wa shule nimwambie, umeona sasa? Nikalizunguka. Upande wa dereva ni safi. Nikaenda upande wa mlango. Bati limechanwa. Mistari mirefu kutoka gurudumu la nyuma hadi mlangoni, mmoja juu ya mwingine, na karibu na ngazi ya kupandia pamebonyea kabisa.

Nikampandia dereva mpya. Nilimwita muuaji. Nikamwambia basi hili nililiacha halina doa, miaka yote hiyo halina doa, na wewe kwa miezi michache umelifanya bati la kuchomea mahindi! Kijana wa watu alisimama tu, kofia mkononi. Mlinzi akaja mbio akanishika bega. Akasema, "Mzee, hayo ni ya kwako."

Nikamwita mwongo. Akanionyesha kutu.

Nikaweka kiganja pale palipobonyea, kikaenea. Ni usawa wa kiuno changu. Watoto wa darasa la kwanza, pale ndipo kichwa kinapofika. Nilisimama hapo, binti yangu, nikajaribu kukumbuka kishindo, mtikisiko, chochote. Sina. Niligonga kitu kizito kiasi cha kubonyeza bati, nikaenda nyumbani, nikala, nikalala, na kesho yake labda nilikuandikia kwamba mimi ni mzima kama chuma.

Yule mama msindikizaji alikuwa anafagia ndani ya basi. Nikamwita. Nikamuuliza hapa niligonga nini. Akaendelea kufagia, nikarudia. Akasema, "Nguzo ya geti, Dereva. Watoto walikuwa ndiyo kwanza wamepita. Tulidhani unajua."

Walidhani! Yeye alidhani, mlinzi alidhani, mkuu wa shule alipitisha kidole kwenye mikwaruzo ile akadhani. Kinyozi anasema alidhani nimeshakwenda hospitali. Mama yako anasema alijua lakini alidhani nitakasirika. Nimewagombeza wote, mmojammoja, nimeanza na mama yako. Umebaki wewe, na wewe kila nikitafuta la kukugombeza silioni, na hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote.

Jicho la kushoto ni mwezi ujao. Omba ruhusa kazini, uje.

Baba yako